Benchi la Tatu kutoka Getini

Mafinga, asubuhi. Ukungu haujaamua
kama ni mvua au ni moshi wa majiko.
Nalipa mia tano. Mlinzi ananikatia tiketi:
Kamwene, baba. Bata wameshaamka.

Bata! Hapa palikuwa na magogo.
Maji hayakuonekana. Ukitazama bwawa
unaona migongo tu, imebanana kama ng'ombe mnadani.
Mtu angevuka hadi ng'ambo asilowe kisigino
kama ana miguu ya baba.

Baba, Yohanesi Tweve, mtu wa upondo:
futi kumi na mbili, ncha ya chuma, ndoano ubavuni.
Alitembea juu ya magogo kama anayepita sebuleni kwake,
akiligusa hili, akilisukuma lile,
mpaka linaingia mdomoni mwa mnyororo
na msumeno unaanza kulia.
Tulilala kwa mlio ule. Uliponyamaza, watoto waliamka.

Mto aliuziba Mgiriki, Bwana Stavro,
kwa mawe, kwa udongo, kwa mikono iliyodaiwa kodi.
Alisema mti ukikaa majini haupasuki, wala mdudu hauli.
Mpodo ulikuja kwanza, ukikokotwa na maksai,
kisha paini, mistari kwa mistari.
Stavro akaondoka na redio yake.
Likaja shirika, na kengele, na daftari.

Daftari ndilo lililotuponza.
Kila gogo lilipigwa nyundo ya namba kichwani,
na namba mia nne kumi na saba, mpodo,
liliingia bwawani, likaandikwa, halikutoka.
Karani Mgovano akahesabu mara mbili, akalamba penseli:
"Tweve, umeliuza."
"Limezama," akasema baba. "Mti nao hulewa maji."
Ofisi nzima ikacheka.
Wakamkata mshahara miezi kumi na minne.
Mwaka ule shati langu la shule
lilikuwa na neno mgongoni: UNGA.
Mama aliuza ulanzi nyuma ya nyumba,
na jina likatuganda kuliko utomvu:
Kwa Muuza Gogo.

Baba hakuapa. Jioni alikwenda ukingoni,
akachovya upondo, akagonga chini polepole,
kama mtu abishaye hodi usiku
asitake kuamsha majirani.

Msumeno ulikufa siku ya kawaida tu:
mkanda ukakatika, wa kuagiza mwingine hakuwepo.
Magogo yakaanza kupita barabarani, juu ya malori,
bila kutuangalia.
Bwawa likaota matete, vyura,
na hadithi ya mtoto aliyezama (hakuna mtoto aliyezama).
Baba akafa, upondo uvunguni mwa kitanda.

Halafu halmashauri ikapata fedha za bustani.
Wakafungulia maji watoe tope.
Siku ya tatu koleo likagonga kitu.
Kumi na moja yalilala kule chini, meusi nje,
ndani manjano kama kiini cha yai la kienyeji.
Nilishuka na viatu vya kanisani.
Nikafuta tope kwa kiganja, kichwa kwa kichwa,
mpaka la sita.
Nne. Moja. Saba.

Sikupiga kelele. Nilitafuta wa kumwambia.
Mgovano yupo, kipofu, anaishi Kinyanambo kwa bintiye.
Nilimweleza yote. Akauliza,
"Bado lilikuwa na gome?"
Nikasema ndiyo.
Akakaa kimya, kisha akaomba maji ya kunywa.

Seremala akalipasua benchi.
Ni la tatu kutoka getini, linatazama mayungiyungi.
Jumamosi maharusi hupigwa picha hapo.
Leo wapo vijana wawili, wanamega andazi.
Wananisogezea nafasi: Karibu, mzee.
Naketi. Ubao bado una baridi ya chini.
Msichana anauliza kama namsubiri mtu.
Nasema hapana, nimekuja kukaa tu,
na tiketi ninayo.